Kipande cha Mama Mkwe

Jumamosi ile lifti ya jengo la maduka iligoma, na mwoka keki akabaki mlangoni mwake na keki ya harusi ya ghorofa tatu kwenye toroli. Ukumbi ulikuwa juu kabisa. Watu walimpita na mifuko yao wakimsukuma kwa viwiko, kilemba chake cha rangi ya chungwa kikaanza kulegea, na jasho likamtiririka hadi kwenye kola ya gauni lake jeupe la kazi.

"Mwenye lifti hii ni nani?" akafoka.

"Mimi," ikajibu sauti kutoka shimoni. Kikachomoza kichwa, kisha ovaroli ya buluu iliyolowa grisi. Alikuwa fundi wa lifti, mgeni kutoka nchi ya mbali, aliyeletwa na kampuni yake kwa mkataba. Lugha aliijua, ila aliitamka kama anayetafuna karanga.

"Basi itengeneze! Krimu inayeyuka!"

"Lifti haiogopi kelele, dada. Nipe huo mzigo nikupandishie kwa ngazi."

"Kwa mikono hiyo? Thubutu!"

Fundi akaenda kunawa. Akabeba ghorofa mbili za chini, mwoka keki akabeba ya juu, wakapanda huku wakigombana. Kufika katikati ya ngazi walikuwa wakicheka. Kufika ukumbini fundi akaomba namba ya simu.

"Ya kuagiza keki," alisema.

"Una sherehe gani?"

"Sijui bado. Nipe namba, sherehe nitaitafuta."

Akaitafuta kweli. Walioana mbele ya msajili, sebuleni kwa shangazi aliyemlea binti huyo, na keki bibi harusi akaioka mwenyewe, ya matunda makavu, ile isiyoharibika upesi. Ghorofa ya juu hakuruhusu iguswe. Aliifunga akaiweka kwenye friza. "Hii ya mama mkwe," aliwaambia wageni, kwa maana mumewe alisema miguu ya mama yake haiwezi safari ndefu. Tangu siku hiyo kila umeme ulipokatika, alikimbia na keki kifuani hadi kwa jirani mwenye jenereta.

Mkataba wa fundi ukaisha, akatangulia kwao. Mke angefuata. Jioni moja simu ikalia.

"Bi Keki wangu! Nimeongea na wakala wa viza. Njia za kukuleta ziko tatu."

"Nitajie, mume wangu."

"Ya mtalii unaingia haraka, lakini hukai, na ukitaka kuibadilisha ukiwa huku wanaweza kukurudisha. Ya mke ni ndefu, maana wanachunguza mshahara wangu, nyumba yangu, hadi picha za harusi. Halafu kuna ya mchumba. Hiyo fupi, mpenzi. Nimechagua hiyo."

Mwoka keki akacheka. Upande wa pili hakucheka mtu.

"Wewe! Unasema kweli?"

"Utawaambia hujaolewa. Pete utaivua siku ya usaili ubalozini tu. Ukifika tunafunga ndoa upya. Nimekukosa, mwenzio silali."

"Niivue pete?" Sauti yake ilipanda hadi shangazi akachungulia kutoka jikoni. "Kwani yule msajili alikuja kutuchekesha? Watu wamekula keki yangu wakalamba vidole, leo niende dirishani kwa mtu nikaape kwamba sijaolewa?"

"Ni karatasi tu, mpenzi."

"Kama ni karatasi tu, si uandike ukweli!"

Fundi akarudia kwamba njia ile ni fupi. Mwanamke aliyezoea kusikiliza keki ikiiva husikia na lililofichwa.

"Mama yako anajua umeoa?"

"Nilitaka nimwambie uso kwa uso," fundi akasema polepole. "Nikamkuta anashona gauni la kuvaa siku ya harusi yangu. Mtoto wake ni mimi peke yangu. Nikaona ukija kama mchumba, naye atapata harusi yake."

"Kwa hiyo huko kwenu mimi sipo."

Akakata simu. Na nani angemlaumu? Mwanamume aliyekubali shangwe zote za sebuleni, akapigiwa vigelegele, leo anataka mkewe ajikane mwenyewe ili yeye asimkabili mama yake!

Akaifungua friza, akaiweka keki mezani, akachukua kisu.

"Unaikata keki ya watu?" shangazi akamshika mkono.

"Watu gani, shangazi? Mama mkwe mwenyewe hana mkwe! Nimekimbia na barafu mtaa mzima kwa ajili ya mtu asiyejua kama nimezaliwa!"

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, ndiyo maana mumeo kaipenda. Lakini mama wa watu kakukosea nini? Rudisha keki kwenye baridi. Mwenye kosa ana simu."

Keki ikarudi. Mumewe akapiga na kupiga, asipokelewe. Mwishowe mwoka keki akamtumia ujumbe wa sauti: "Siingii nyumbani kwangu kwa mlango wa uani. Mwambie mama yako, kisha omba njia ya mke, hata iwe ndefu vipi. Ukishindwa, pete nitaivua, na haitakuwa kwa ajili ya usaili."

Siku chache alikaa na simu mkononi, roho juu, akiunguza keki ambazo hajawahi kuunguza. Ndipo ikaja simu ya video. Mbele alikaa mama mwenye mvi, nyuma yake fundi kajikunyata kama mtoto anayengoja fimbo. Mama akaongea kwa ukali, akimnyooshea mwanawe kidole.

"Anasema mimi ni mpumbavu," fundi akatafsiri.

"Hiyo nimeielewa bila mkalimani. Endelea."

"Anauliza ulivaa nini siku hiyo."

Akaonyesha picha, moja baada ya nyingine. Mama akaigusa skrini.

"Anasema kumbe ana binti, na hakuna aliyemwambia. Gauni lake atalivaa uwanja wa ndege."

"Mwambie keki yake ipo. Nimemtunzia tangu harusi."

Fundi alipotafsiri hayo, mama akalia. Naye fundi akalia, na mkewe akamwacha alie.

Wakaomba njia ya mke. Ilikuwa ndefu kweli, ya maswali na ya kurudishwa foleni, na kwenye simu walinuniana na kubembelezana. Siku ya usaili, pete ikiwa kidoleni, ofisa alimuuliza huyo anayekwenda kwake ni nani.

"Mume wangu," alijibu, kwa sauti iliyowageuza waliokaa nyuma.

Uwanja wa ndege alitoka na gauni la manjano, kilemba cha rangi ya chungwa na boksi kifuani. Mama mkwe alisimama na mkongojo wake, ndani ya gauni la hariri la harusi, watu wakimshangaa. Fundi akafungua mikono. Mkewe akampita, akaenda kupiga goti kidogo mbele ya mama, akafungua boksi na kumlisha kipande cha kwanza.

"Na mimi je?" fundi akauliza kwa unyonge.

"Wewe ulishakula yako," mkewe akamwambia, huku akimpa mkono wa pete aushike, "ukajifanya hukuila."