Boti Haijanywa Maji

Maji yalianza kuingia kidogo kidogo, kama jasho. Marselina aliyaona yakichungulia kati ya ubao na ubao, karibu na kisigino chake, akasogeza mguu akidhani ni rasharasha za mawimbi. Kufika saa nne asubuhi yalishapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na Karema walikoanzia safari imebaki kule nyuma kama mstari mwembamba wa vumbi.

"Kapteni," aliita, "boti yako inakunywa, au inazama?"

Nassib, mwenye boti, alikuwa ameshika usukani wa injini kwa mikono miwili. Hakugeuka. "Inakunywa, mama. Ikishiba itanyamaza."

"Ikishiba yenyewe, sisi tutakuwa wapi?" alidakia Haidari, muuza vitenge wa Kashaulili, huku akichota maji kwa dumu lililokatwa na kuyamwaga nje. Abiria walikuwa hao wawili tu.

Jambo hili pwani yote ya Ziwa Tanganyika inalijua, hata mtoto anayecheza mchangani. Boti ya mbao ikikaa juu ya mchanga hukauka, mbao zikasinyaa, na katikati yake zikafunguka nyufa. Kabla ya safari huwa inarudishwa majini, inajazwa mawe, inaachwa imezama nusu siku nne au tano mpaka mbao zinywe, zivimbe, zibanane. Mwaka huo ziwa lilikuwa limepumzishwa uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane, na boti zililala matumbo juu mpaka katikati ya Agosti. Nassib aliilowesha yake siku mbili tu. Nyufa zilizobaki aliziba kwa pamba iliyochovywa kwenye mawese, akasema zilizosalia Mungu anazijua.

Marselina aliyaona yote hayo. Mtu asije kusema hakuona.

Tena alikuwa ameshaipima safari hiyo nyumbani kwake Kabungu. Miaka thelathini aliuza dagaa na karanga pale sokoni Mpanda, na jambo lolote lililomshinda kichwani alilipima kwa mkono. Aliketi jikoni na vikombe viwili vya bati. Katika kimoja alitia punje ya karanga kwa kila sababu ya kwenda: upepo wa Agosti unatoka kusini, unaisukuma boti kaskazini, boti ya kwanza haina magunia wala kubanana, barabara ya kuzunguka ni ndefu na goti lake halitaki basi. Katika cha pili akatia za kubaki: boti kavu, upepo uleule hauna adabu, kuku wanne hawana wa kuwaangalia, goti lilelile. Akaendelea hivyo, na kila alipokumbuka jingine, lilikuwa la kubaki. Kikombe cha kubaki kilizidi kwa mbali.

Ndipo akakumbuka sauti ya kwenye simu kutoka Kalya, kijiji cha ufukweni kule kaskazini: "Dada yako hali tena. Anakutaja wewe tu."

Skolastika ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemwita Kadege, jina alilopewa na mama yao. Kwa wengine wote alikuwa mama, bibi, au mama Marselina wa dagaa. Alitia punje moja ya mwisho kwenye kikombe cha kwenda, akazimwaga karanga za kwenda kwenye ncha ya kitenge, akafunga fundo. Kikombe akakitia mkobani. Akatoka.

Kufika saa sita upepo ukapanda. Ziwa liligeuka rangi ya chuma, mawimbi yakaja kwa nyuma yakiinyanyua boti na kuitupa. Pamba ya Nassib ikaanza kuchomoka moja moja, ikielea kama vifaranga. Wimbi likampokonya Haidari dumu. Jingine likaingia kwenye injini, nayo ikakohoa mara mbili, ikafa.

"Shikeni ubao! Nyie, shikeni ubao!" Nassib alipiga kelele.

Upepo uliwapeleka mpaka chini ya genge refu lililoingia ziwani kama paji la uso. Boti ilipiga mwamba, ikalia, ikagawanyika kwenye nyufa zilezile. Marselina alikunywa maji, akatapika, akakunywa tena, mpaka magoti yake yakagusa changarawe. Alipofuta macho, mkoba ungali begani, alijikuta kwenye kipande cha ufukwe kidogo kama uwanja wa nyumba. Nyuma kuna jiwe. Kushoto na kulia mwamba umesimama wima ndani ya maji, mawimbi yakiupiga makofi.

Nassib alitambaa akitoka majini, mkono wa kulia ukining'inia. Haidari alikuwa amekaa, ameshika mguu. Wayo umepasuka toka kisigino mpaka katikati.

Marselina alichana upande mmoja wa kitenge. Aliuosha mguu, akaufunga. Mkono wa Nassib aliulaza juu ya kipande cha ubao wa boti, akaukaza kwa kamba ya injini.

"Polepole, mama, niko hai."

"Ndiyo maana nakaza. Maiti ningeifunga kwa upole."

Simu zilikuwa zimekufa maji. Walikaa wakitazama ziwa mpaka jua likashuka upande wa Kongo. Msimu ukikolea, boti tano zingepita hapo kwa siku, na kila moja ingewaona. Siku ile haikupita hata moja. Marselina aliyazungusha macho kwenye maji matupu, akajua kuna punje aliyoisahau kule jikoni: anayetangulia hana wa kumwona.

Alifungua fundo, akawagawia karanga zilizolowa.

"Kumbe ulibeba chakula!" Haidari alishangaa.

"Si chakula. Ni sababu zangu za kuja."

Akawaeleza. Haidari, na maumivu yake yote, akacheka. "Basi tunakula sababu zako, mama. Hii ya upepo mbona imeoza?"

Ilibaki punje moja. Haidari akanyoosha mkono.

"Hiyo acha," Marselina alisema. "Hiyo ni dada yangu." Akaitia mkobani.

Asubuhi Nassib aliutazama mwamba, akautazama mkono wake. "Upande ule wa genge huwa kuna kambi ya wavuvi. Kama wamesharudi. Mimi kupanda siwezi."

Haidari alikuwa na homa.

"Nitapanda mimi," Marselina alisema.

"Na goti lako?"

"Nitakwenda nalo. Nitaliacha kwa nani?"

"Ziwa liweke kushoto kwako, usilipoteze. Maji beba…" Nassib akakatiza. Walitazamana. Hakuna mtu wa ziwani anayebeba maji ya kunywa; maji yako chini yako saa zote, unainama unachota. Boti nzima haikuwa na chupa wala kidumu. Kilikuwepo kikombe cha bati tu.

Marselina alikunywa mpaka tumbo likauma. Akavua kipande cha kitenge kilichobaki, akakizamisha ziwani na kukikandamiza kwa jiwe, akakiacha humo hadi jua lilipochomoza juu ya genge.

"Unafanya nini?" Haidari aliuliza.

"Nakinywesha. Kapteni alikuwa na haraka, mimi sina."

Nassib aliinamisha kichwa.

Alijifunga kitenge hicho kichwani na shingoni kikichuruzika, akajaza kikombe, akaanza kupanda kwenye ufa wa jiwe. Hatua ya kumi mguu uliteleza, kikombe kikagonga mwamba, maji yote yakamwagika. Hakurudi. Alijua akishuka hatapanda tena.

Juu ya genge kulikuwa na nyasi kavu, miti iliyopukutika na mawe yenye moto. Upepo uliimba kwenye matawi. Nyani walibweka mahali, wakanyamaza. Alitembea kwa makalio penye mteremko, kwa magoti penye mwinuko. Alikamua kitenge mdomoni tone kwa tone, kwanza shingoni, kisha kichwani. Saa sita kilikuwa kikavu, kinanuka jasho tu. Na ziwa liko palepale kushoto, chini, pana, linang'aa, maji ya kunywesha nchi nzima, na hakuna pa kushukia. Ulimi wake ulikuwa mnene kama soli ya kandambili. Alijaribu kuita, asikie walau sauti ya mtu. Aliita "Skola!" Sauti haikufika hata kwenye mti wa pili.

Mbele kidogo genge likagawanyika. Njia ya wanyama ilikata kulia, inaingia kwenye bonde lenye kivuli cha kijani. Kushoto ni mawe matupu. Kivuli kilimvuta kama mtu anayemshika mkono. Aliketi. Vidole vyake vilitafuta vikombe viwili ambavyo havikuwepo.

Ndipo akaona kunguru, wale wenye kola nyeupe. Wawili, halafu sita, wakizunguka chini chini upande wa mawe, wakishuka na kufukuzwa na kushuka tena. Miaka thelathini alikuwa amewapiga kunguru hao kwa ufagio kwenye meza yake. Kunguru hawang'ang'anii hivyo ila pameanikwa dagaa, na pana mtu wa kuwafukuza.

Aliinuka, akafuata mawe.

Jioni wanawake wa kambi walimwona bibi akishuka mteremko kwa makalio, kikombe kitupu mkononi. Mmoja aliangusha ufagio. Walimpa maji kwa kijiko, wakimnyang'anya kila alipotaka kunywa kwa pupa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wako wawili. Chini ya genge." Mtumbwi ulitoka kabla jua halijazama, ukarudi na Nassib na Haidari, wote hai.

Kesho yake, upepo ulipotulia, wavuvi waliwafikisha Kalya. Skolastika alikuwa amelala kwenye mkeka, mdogo kama mtoto, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Marselina alimshika mkono, akainua kikombe cha maji mdomoni mwake.

"Kadege," dada alisema, bila kuambiwa.

"Ndimi. Nimekuletea karanga." Akamtia ile punje kiganjani.

"Moja? Na meno sina." Akavuta pumzi. "Ulikuja na nini kipindi hiki? Boti bado kavu."

"Ningengoja zinywe maji, wewe ungenisubiri?"

Skolastika hakuwahi kusema uongo ili kumfurahisha mtu.

"Nisingekusubiri," alisema.

Alikufa siku ya sita tangu wafike. Haidari alikuwa ameshapanda lori kwenda hospitali. Walipomaliza matanga, ziwa lilikuwa limejaa matanga ya aina nyingine na injini, boti baada ya boti, watu wakipungiana mikono. Nassib, mkono ukiwa umetundikwa shingoni, alikuwa amepewa na shemeji yake boti ya kurudia. Kila siku Marselina alikwenda ufukweni kuitazama ikiwa imezama nusu, mawe tumboni.

"Mama Marselina, twende?"

"Imekunywa?"

"Leo siku ya tano. Mawe na maji nimeshayatoa."

Aliinama, akapitisha kiganja kwenye kila ungio la ubao, kutoka nyuma mpaka mbele. Hakuna lililovuja. Alipanda, akakaa na dumu jipya la maji ya kunywa katikati ya miguu yake.

"Kapteni. Kuna jina langu moja, halina mtu tena wa kuliita."

Nassib alikuwa chini ya lile genge siku Marselina aliposema, "Hiyo ni dada yangu." Hakuuliza mengi. "Jina gani, mama?"

Akamwambia.

Nassib aliivuta kamba ya injini kwa mkono wake wa kushoto, mara tatu, mpaka ikawaka.

"Haya, Kadege," alisema. "Kaa katikati."