Siku Duane Alipopanda Mbeleko

Asubuhi Karin Tollefson alimwacha mwanawe kwa bibi yake, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaenda kazini. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani. Jana yake alikuwa amewafundisha wahudumu kutumia mashine mpya ya kunyanyulia wazee. Mashine hiyo ina mbeleko ya turubai. Mzee huwekwa humo, akahamishwa taratibu kutoka kitandani hadi kitini.

Karin aliikuta mashine pembeni. Watu wameanika taulo juu yake!

Chumbani, wahudumu wawili, Duane na Lorraine, walikuwa wakimnyanyua mzee Haugen kwa mikono. Duane aliguna, akashika kiuno.

"Jamani, si jana tu nimewafundisha?"

"Tumezoea hivi, dada," Duane alijibu, akitabasamu.

Karin alishangaa. Viuno vya watu vilikuwa vinaisha. Mhudumu mmoja alikuwa ameshaacha kazi, hawezi hata kumbeba mtoto wake. Kwa nini basi waikimbie dawa?

Jioni alimweleza jirani yake, Bi Verna, ambaye zamani alikuwa akiwafundisha wazimamoto wa kujitolea.

"Hebu niambie, ulifundishaje?"

"Nilionyesha picha ukutani saa mbili nzima. Nikaeleza kila kifungo. Mwisho nikauliza, 'Kuna swali?'"

"Wakasemaje?"

"Kimya. Duane tu ndiye aliyenisifu. Alisema warsha ilikuwa tofauti."

Bi Verna alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Tofauti! Ukila chakula cha mama mkwe wako ukamwambia ni tofauti, huwa una maana gani?"

Karin alijishika shavu. "Kwamba hakipiti kooni."

"Haya basi! Sisi watu wa huku adabu zetu zitatuua. Ukituuliza mbele za watu kama tumeelewa, tunaitikia kwa kichwa, tunakwenda zetu."

"Sasa nifanyeje?"

"Mtu mzima si debe tupu, mwanangu. Anakuja na ujuzi wake na hofu yake. Anzia hapo. Waulize jambo hili litawakwamisha wapi. Wazungumze wawili wawili kwanza, aibu ipungue. Kisha mikono yao ifanye kazi, mdomo wako upumzike. Na baadaye wafuate kazini, ukaone."

Mkubwa wa Karin alimpa nafasi moja tu ya kufundisha tena. Ikishindikana, mashine itarudishwa ilikotoka.

Alhamisi hapakuwa na picha. Palikuwa na kitanda, mashine, na viti vimeizunguka. Karin aliuliza mashine itawakwamisha wapi, akawaachia wazungumze. Wawili wawili, chumba kikavuma kama mzinga wa nyuki.

"Kazini kwangu kwa zamani tulikuwa na mashine kama hii. Mzee akining'inia anabembea," Lorraine alisema. "Anaogopa. Mmoja alinivuta nywele, nusura anitoe upara!"

Watu walicheka. Karin hakulijua jambo hilo. "Wewe unamtulizaje?"

"Namshika goti. Namwambia kila ninachofanya."

"Tuonyeshe. Nani atakuwa mzee wetu?"

"Duane! Ukimbeba huyo, umebeba mji mzima!" mhudumu mmoja alidakia.

"Nyie, mna ubaya!" Duane alilalamika, lakini akalala kitandani. Karin aliwaonyesha uzito unaoruhusiwa. Wakafunga ndoano zote za mbeleko, wakazikagua tena.

Mashine ilinyanyua. Duane alibadilika uso. "Lorraine, usiniache!"

Hakuna aliyecheka. Lorraine alimshika goti. "Nipo. Sasa tunakugeuza kulia. Sasa tunakushusha."

Duane alitua kwenye kiti. "Kumbe ndivyo wanavyojisikia. Mimi nilikuwa naogopa kuangusha mtu. Niliona aibu kusema."

"Basi sasa shika wewe kifungo," Karin alisema.

Kila mmoja alipanda, kila mmoja akanyanyua mwenzake. Walipokosea walirudia. Karin alisema machache, akasikia mengi.

Wiki iliyofuata alikwenda kuchungulia. Mzee Haugen alikuwa ndani ya mbeleko, miguu hewani. Duane amemshika goti.

"Uko juu kama gavana, mzee wangu. Sasa tunashuka."

"Polepole. Gavana hana haraka."

Mzee alitua kitini, akaomba kahawa yake. Duane alikuwa amesimama wima. Aliisukuma mashine hadi chumba cha pili, ambako bibi mmoja alikuwa anaita kwa sauti kali:

"Na mimi je? Au mbeleko hiyo ni ya wanaume tu?"