Uzi wa Fundi wa Daraja

Hili halikumpata jirani wa shangazi ya mtu. Lilinipata mimi, Zlatka, nikiwa na macho yangu na meno yangu mwenyewe, na asiyeamini aende akalale.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi. Mwanangu Lyuben alikuwa ameazima gari-nyumba, lile lenye vitanda na jiko ndani, atupeleke Plovdiv kwenye maonyesho ya ndege za kivita. Nikamwaga maji kizingitini ili safari itiririke, kama tufanyavyo siku zote. Mkwe wangu Milka akaruka pembeni. "Mama, umenilowesha viatu!" Nikamwambia vilihitaji kuoshwa. Mjukuu wangu Neda alikuwa amenyoosha mikono tangu alipoamka. Alikuwa ndege. Hata maziwa aliyanywa akiwa ndege.

Njiani tukasimama kando ya mto tule banitsa yangu, ile mikate ya jibini, kabla haijapoa. Hapo pana daraja la mawe ambalo mafuriko yalilivunja tao moja. Palikuwa na fundi mmoja tu, mzee mwenye chokaa mpaka kwenye kope, anafanya kazi Jumapili, siku ambayo hata walevi wetu hupumzika. Mimi nilikuwa ndani ya gari nakoroga kahawa. Nikachungulia dirishani.

Neda alisimama juani, mikono imenyooka, kivuli chake nyasini kama ndege kweli. Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma yake. Alikuwa anatandaza uzi juu ya kile kivuli, kutoka kisiginoni hadi utosini. Akaukata kwa meno.

Nilipokuwa mdogo, ukipita penye ujenzi kijijini kwetu ulipigiwa kelele: pita mbali, wasikupime! Kwa sababu ukuta ukikataa kusimama, mafundi huutilia kivuli cha mtu. Uzi wa kipimo ukishawekwa chini ya jiwe, mwenye kivuli hufa chokaa ikikauka. Hubaki humo ndani, akiushikilia ukuta.

Nikatoka mbio, kahawa ikamwagika. Fundi hayupo.

"Lyuben! Kampima mtoto!"

"Mama, fundi anapima daraja."

"Daraja gani lina nywele za kusuka?"

Wakacheka wote wawili. Milka akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Tukaondoka, na Neda akalala njia nzima, yeye ambaye halali hata usiku.

Uwanjani watu walijaa, harufu ya nyama choma na mafuta ya ndege kila mahali. Ndege zikaja chini chini zikipasua masikio. Watu wote wakatazama juu. Mimi nikatazama chini.

Lyuben alikuwa amembeba Neda mabegani. Kivuli cha Lyuben kilikuwepo: miguu, kiuno, kichwa. Mabegani pa kivuli hapakuwa na mtu.

Nikamvuta shati. "Tazama chini."

Akatazama. Akainua mkono, kivuli kikainua mkono. Neda akamwiga. Chini hakuna kilichosogea.

Mtoto akainama, akaninong'oneza: "Bibi, nani ananiwekea mawe kifuani?"

Pumzi yake ilinuka chokaa mbichi.

Hakucheka mtu tena. Lyuben aligeuza gari na kuliendesha hadi sufuria zikaanguka kutoka kabatini. Milka alimfunika mtoto mablanketi yote, kwenye joto lile, na bado midomo yake ilikuwa ya bluu. Tulipofika darajani, jua lilikuwa limekaribia mlima.

"Nakuja na wewe, mama," Lyuben akasema.

"Kaa. Huyo akiona kivuli cha mwanaume mzima atakitamani. Changu kimechakaa."

Nikachukua mtaimbo wa kubadilishia tairi, nikateremka.

Fundi alikuwa chini ya tao, analainisha chokaa kwa kiganja. Hakugeuka. Nikachomeka mtaimbo penye chokaa mbichi, nikasukuma kwa kiuno changu kibovu, jiwe likang'oka. Uzi ulikuwa pale, umejikunja, una joto. Nikautia kifuani.

"Daraja halisimami tupu," akanong'ona. Mdomo wake haukufunguka.

"Basi lianguke. Tutavuka kwa miguu majini."

"Mtoto atapita tena. Kila mtu hupita."

Nikatazama jua. Nikatazama nyasi.

"Nipime mimi," nikasema. "Ukifika utosini, nichukue. Jua likizama hujafika, mtoto humgusi tena."

Akatabasamu. Mchanga ukamdondoka mdomoni.

Nikapanda ukingoni mwa mto, nikaligeuzia jua mgongo. Akanifunga uzi kisiginoni. Ulikuwa baridi. Akaanza kutandaza. Kivuli changu kilikuwa kimevuka nyasi. Kikavuka mto. Kikapanda shamba la alizeti ng'ambo. Jua linashuka, mimi narefuka. Fundi akaingia majini, ameinama. Akatokea ng'ambo. Akaingia kwenye alizeti. Alizeti hazikutikisika.

"Kazana, babu!" nikampigia kelele. "Hata marehemu mume wangu hakuwa goigoi hivyo!"

Jua likazama. Kivuli kikaisha. Fundi hakuonekana tena.

Nikainama, nikaukata uzi kwa meno.

Garini Neda akaita: "Bibi! Mawe yametoka. Ndege zimekwisha?"

Uzi wake niliuchoma palepale kwenye jiko la gari. Asubuhi kivuli chake kilikuwa miguuni pake, kinaruka kama yeye. Daraja lile mpaka leo lina pengo, na watu wananilaumu kwa kulazimika kuzunguka. Wazunguke.

Lakini kila jioni, nikisimama mlangoni kwangu, nahisi baridi kisiginoni. Nikitazama, nakuta uzi umefungwa, mweupe wa chokaa, umelowa. Unatambaa juu ya kivuli changu mpaka mahali fulani, unaishia hapo. Naukata, nafungia miche ya nyanya. Bustani nzima imefungwa nao.

Juzi uliishia kiunoni. Jana ulifika begani.

Nimetoa kofia ya marehemu, ile ndefu ya ngozi ya kondoo. Leo jioni naivaa, nirefuke kidogo.