Isale Kwenye Usukani

Jua lilikuwa limeshazama Mwalimu Rachel alipofika Himo kuangalia baiskeli ya mazoezi ya nne wiki ile, na uvumilivu ulikuwa umemwishia. Ya kwanza kiti kilimchoma makalio. Ya pili miguu haikufika kwenye pedali. Ya tatu ilitikisika kama meza ya kilabuni. Na daktari hakumficha: sukari imeanza kuua mguu wa kushoto, asipoufanyisha kazi, utakatwa. Kutembea, goti halitaki.

Muuzaji, kijana aitwaye Vedastus, alimwamkia kwa heshima akamwelekeza kwenye chumba cha marehemu mama yake, ilimokuwa baiskeli. Mwalimu Rachel akapanda. Kiti laini. Miguu ikafika. Alitaka kulia kwa nafuu.

Kwenye usukani lilikuwa limefungwa jani bichi la isale.

"Litoe tu, mama," Vedastus alisema kutoka mlangoni. Hakuingia.

Kwa hasira za wiki nzima, akalinyofoa bila kufikiri. Yeye, mzaliwa wa Marangu, aliyekua akijua kwamba isale hutolewa na anayeomba msamaha, na kwamba halishikwi ovyo na asiyehusika. Vedastus alishusha pumzi. Hata bei hakubishana.

Kesho yake jioni, nyumbani kwake mtaa wa Soweto, alikuwa akimenya ndizi aliposikia kitu sebuleni.

Kwii... kimya. Kwii... kimya.

Hapakuwa na mtu. Pedali zilizunguka kwa kusitasita, kama zinasukumwa na mguu mmoja. Chumba kilinuka dawa ya vidonda.

Jioni ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu woga ukageuka hasira: kitu amekihangaikia namna ile, halafu hata kukikalia hawezi! Akampigia Vedastus aje achukue baiskeli yake.



"Mama aliniomba nimpeleke hospitali, mguu unaoza," Vedastus alinong'ona. "Nikamnunulia baiskeli. Nikamwambia afanye mazoezi, mguu utapona. Mwishowe hospitali wakaukata, akafa. Kila jioni nilikuwa namfungia isale, asubuhi nalikuta sakafuni."

"Sasa mimi nahusikaje?"

"Wewe umelipokea isale, mama, na deni limekuhamia. Mimi kwangu kumetulia."

Simu ikakatika. Hakumpata tena.

Mwalimu Rachel alikata isale kwenye uzio wa jirani. Akalifunga usukanini, akaomba msamaha wa kosa ambalo hakulitenda, kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili.

Pedali zikasimama.

Akamshukuru Mungu. Akageuka kurudi jikoni, na mlangoni akatazama chini. Kandambili ya kushoto haikuwepo mguuni. Ilikuwa imebaki kule kando ya baiskeli, na hakuhisi ilipochomoka.

Akajifinya kidole cha mguu. Akajifinya tena, kwa kucha, wala hakusikia maumivu.

Nyuma yake, jani likaanguka sakafuni.

Kwii... kimya.