Pumzi Baada ya Jina

Studio ilianza kunuka udongo mbichi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, salamu zilipokuwa zikienda hewani. Meneja akamlaumu mfagizi, mfagizi akalaumu bomba la chooni, na Odeta, mtangazaji, akapulizia manukato yake ya sikukuu. Hakuna aliyejiuliza udongo unafikaje ghorofa ya tatu, pale Nyakato.

Redio ile ilikuwa na kitu kinachoitwa pumzi. Ni ukimya wa sekunde sita ambao kompyuta huupachika kila baada ya jina lililomo kwenye kadi ya salamu, ili majina yasigongane. Pumzi waliyokuwa nayo ilikuwa na mvumo, basi Jumatatu Odeta akakata nyingine kutoka kwenye kanda kuukuu aliyoikuta stoo, imeandikwa kwa wino mwekundu: VIFO. Alijiambia ukimya ni ukimya tu. Jamani, Odeta!

Jumatano akafa Shimba, fundi cherehani wa Kiseke. Alhamisi akafuata Rose, mwalimu wa Butimba. Wote walikuwa wazima, wote walitajwa kwenye salamu za Jumanne, na ndugu zao waliopiga simu redioni walisema neno lile lile: walikufa wakitafuta hewa. Odeta akavaa visikilizio, akaifungua ile pumzi na kuongeza sauti hadi mwisho. Ndani ya ukimya kulikuwa na mtu anavuta hewa. Alivuta polepole, akaendelea kuvuta, wala hakuitoa.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo hiyo, kwa furaha ya mama, Odeta alikuwa amesoma kadi ya binti yake Queen, aliyetimiza miaka sita. Simu ikalia. Alikuwa mumewe, Jonathan.

"Mama Queen, mtoto hapumui vizuri. Tuko hospitali. Wamemwekea oksijeni, haisaidii."

Odeta akakumbuka ile kanda ya stoo. Akampigia mzee Rasik, fundi mitambo wa kwanza wa redio ile, ambaye sasa ana duka la vipuri mtaa wa pili. Mzee alisikia habari ya kanda, akapanda ngazi zote bila kupumzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanda ile umeitoa wapi, mwanangu?" Alinong'ona, macho yake yakiwa kwenye spika.

"Stoo. Nilitaka pumzi tu."

"Enzi zetu, kwenye matangazo ya vifo, pumzi ilikuwa heshima. Msomaji akitaja marehemu anafunga mdomo, kipaza sauti kinabaki wazi, wafiwa wapate kulia. Baadaye wasomaji wakaifanya nafasi ya kunywa maji. Lakini kuna jini alishazoea. Kila jina likitajwa, ukimya ukifuata, anaingia. Siku moja msomaji wetu Mhoja akasoma kwa makosa jina la mtu aliye hai. Hakufika jioni, yule mtu. Tukaacha pumzi, jini akalala, kanda nikaificha. Ningeichoma, ila sauti ya rafiki yangu Mhoja imebaki humo tu. Nisamehe, mama."

"Queen nimfanyeje, mzee?"

"Zima kompyuta. Ingia hewani mwenyewe, taja jina lake, halafu usiache nafasi hata ya kumeza mate. Akikosa pa kupita atamwachia. Na jihadhari, umeshamwamsha. Hahitaji kanda tena, ukimya wowote unamtosha."

Odeta akazima kompyuta, akamwachia mzee simu yake nje ya kioo, akavaa visikilizio, akawasha kipaza sauti. Harufu ya udongo ikajaa chumba, nzito, ya shimo lililochimbwa sasa hivi, naye akaanza: Queen Jonathan wa Kiseke yuko hai anapenda ubuyu na bado anakojoa kitandani na juzi kakata nywele za mwanasesere wake akasema zitaota na anaogopa kuku lakini haogopi mbwa na kesho nitamsuka na keshokutwa nitampeleka Capri Point akaone mawe na akikua atakuwa chochote anachotaka, na huku anasema, kifua kikimuuma, kitu kikapita nyuma ya kiti chake kikitafuta mwanya kati ya maneno, kikarudi, kikapita tena, na Odeta hakugeuka, hakumeza mate, alisema tu, mpaka ile harufu ikaanza kupungua.

Nje ya kioo mzee Rasik akainua simu yenye ujumbe wa Jonathan, analia, anaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mtoto anapumua. Ameomba uji.

Odeta akacheka kwa sauti. Miaka minane amefunga kipindi kwa maneno yale yale, na siku zote, papo hapo baada ya maneno hayo, kompyuta huingiza muziki wa kituo.

"Asanteni kwa kunisikiliza," akasema. "Nilikuwa nanyi mimi, Odeta Maige."

Muziki haukuja.

Mzee Rasik akaanza kugonga kioo kwa viganja vyote viwili, mdomo ukimwambia sema, sema, na Odeta akaelewa, akafungua kinywa ili aseme chochote, lakini alikuwa amemaliza hewa yote kwa ajili ya mwanawe na ilibidi kwanza avute nyingine. Kwenye visikilizio akamsikia mtu anaivuta kabla yake.