Nyumba Moja, Ofisi Moja

Yalianza Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, wifi yangu aliponituma dukani kununua balbu.

Nataja saa kwa sababu watu wakinisikiliza huniambia nimechanganya, kwamba huenda nilitoka mapema nikarudi nikasahau. Sikuchanganya. Simu ilikuwa mkononi mwangu na niliitazama nikiwa mlangoni.

"Balbu ya ofisini imeungua tena," alisema. Alikuwa amekaa kitandani kwake, miguu imevimba, tumbo la miezi saba likiwa mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine. "Nisamehe, wifi. Ningeenda mwenyewe."

Ofisini.

Chumba kile kilikuwa changu. Tangu nimalize chuo kikuu na kuhamia kwa kaka, nililala mle, nikabandika picha zangu mle, nikalia mle nilipotaka kulia.

Mimi na mke wa kaka yangu tumeajiriwa na kampuni moja. Kazi yetu ni kusikiliza simu za wateja wa bima zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, pamoja na vikohozi, pumzi na ukimya. Mimi ndiye niliyemtafutia nafasi. Mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha mtu anayelia na mtu mwenye mafua. Kisha kampuni ikafunga ofisi zake, ikatuambia kwamba tangu sasa tutafanyia kazi nyumbani siku zote, na kwamba itatulipia meza, kiti, taa na intaneti. Sharti lilikuwa moja tu: nyumba moja, ofisi moja. Na chumba kiwe cha kazi tu, asilale mtu.

Kaka aliamua wakati wa chakula, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Mwenzio ni mjamzito, mgongo unamuuma. Wewe bado damu inachemka, unaweza kukaa popote."

Popote palikuwa jikoni, kwenye kona kati ya jiko la gesi na sinki. Kitanda changu kikahamia sebuleni. Wenzetu kazini wakatutania kwamba nyumba yetu ina wifi wawili na bado mtandao unakatika. Nilicheka nao mpaka mashavu yakauma.

Kiti kilipoletwa, nilisaidia kukifungua. Kilikuwa na mgongo wa wavu mweusi, mikono ya kupandisha na kushusha, na upande wa kulia, chini, kimpini laini cha kukiinua. Sikukikalia. Naapa. Lakini kila siku, sweta yangu ikinuka vitunguu, kiwiko kikiwa na tundu lililochomwa na moto wa jiko, nilikiwaza. Niliwaza jinsi mgongo wangu ungetulia pale. Niliwaza mlango ambao ningeufunga.

Wiki mbili kabla ya Alhamisi ile, wifi alikuja jikoni asubuhi.

"Wifi, ukikalia kiti changu, basi kishushe. Nikikaa miguu inaning'inia kama ya mtoto."

"Sijakikalia."

"Haya. Basi kinajipandisha chenyewe."

"Huenda."

"Na harufu ya vitunguu inaingia yenyewe?"

Wifi ni mfupi, mimi ni mrefu. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kunyooshewa kidole, kwa maana kaka mwenyewe anamzidi mkewe kwa vidole viwili tu, na viti anavyovipenda ni vya sebuleni.

Basi nikaenda dukani. Muuza duka aliponiona alicheka.

"Umesahau nini tena?"

"Ndiyo kwanza nafika."

"Aa, dada, acha mzaha. Umepita hapa sasa hivi unaelekea kwenu. Nimekuita, umeninyamazia kama tumegombana. Na sweta hiyohiyo, tundu hilohilo."

Nilicheka pia. Nilichukua balbu, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona ya mtaa wetu nilikuwa natembea haraka, na sikujua kwa nini.

Giza lilikuwa limeanza kushuka. Dirisha la ofisi linatazama barabarani. Balbu ilikuwa imeungua, kwa hiyo dirisha lilipaswa kuwa jeusi. Halikuwa jeusi. Nyuma ya pazia kulikuwa na mwanga wa bluu, mwanga wa kompyuta iliyowashwa.

Nikajiambia wifi ameamua kumalizia kazi.

Nikafungua mlango. Wifi alikuwa amesimama kwenye korido, pekupeku, kiganja kimeshika ukuta. Aliponiona, midomo yake ilicheza bila kutoa sauti. Kisha akanong'ona.

"Wifi... umetokea wapi?"

"Dukani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kwani vipi?"

"Umeingia kitambo. Umepita hapa mbele yangu, nimekuita, hukugeuka." Akatazama mlango wa ofisi. "Kama wewe uko hapa... nani yuko mle?"

Ndipo tukasikia.

Tak. Tak-tak-tak. Tak.

Mtu alikuwa anachapa.

Ukikaa miaka kwenye kazi kama yetu, masikio yako yanakuwa makali kuliko unavyopenda. Kila mchapaji ana mwendo wake. Wifi huchapa kwa kusitasita, kama mtu anayechambua mchele. Mimi huchapa kwa pupa, kisha husimama ghafla, kisha hupiga kitufe cha nafasi mara mbili kwa kidole gumba cha kushoto. Ni tabia mbaya, nimejaribu kuiacha.

Tak-tak-tak-tak-tak...

Kimya.

Tak. Tak.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Wifi alinivuta sweta. "Usifungue," alisema. "Tumngoje kaka yako. Wifi, nakuomba."

Nikafungua.

Harufu ilinipiga kwanza. Vitunguu vilivyoungua, na gesi kwa mbali.

Kiti kilikuwa kimeinuliwa mpaka mwisho. Aliyekikalia alikuwa ametugeuzia mgongo. Sweta ya kijani. Tundu kiwikoni. Nywele zimesukwa, na msuko mmoja nyuma ya sikio la kulia umekwenda upande, ule ambao msusi aliniambia hakuna atakayeuona. Ni kweli mtu hakijui kisogo chake. Mimi nilikijua.

Sitasema nilipiga kelele. Nitasema kilichonipata, ingawa ni aibu. Nilitazama jinsi mgongo wake ulivyotulia kwenye ule wavu. Nilitazama miguu yake ilivyokanyaga sakafu vizuri, magoti yamekunjika sawasawa, mabega yameshuka. Hakuwa na haraka. Hakuwa na mtu wa kumtuma balbu.

Nikamwonea wivu.

Hata yeye.

Na wivu ule uliponijia, vidole vyake vikaacha kuchapa.

Kiti kikaanza kugeuka.

Polepole...

Niliona sikio. Niliona mwanzo wa shavu. Kisha wifi akanivuta kwa nguvu sijui alizitoa wapi, akaubamiza mlango, akafunga kwa ufunguo, na sote wawili tukaanguka pale sakafuni. Balbu ilipasuka chini yangu. Kule ndani hakukuwa na mlio wa kuchapa, hakukuwa na hatua. Palikuwa na pumzi tu, karibu sana na ubao wa mlango. Kama kwenye rekodi zetu, mteja anapotafuta namna ya kuanza.

Kaka alirudi akatukuta hapohapo. Alifungua kwa ufunguo, akausukuma mlango kwa mguu, nyundo mkononi. Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani. Aligusa kiti, akauondoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali.

"Kina joto," alisema.

Baada ya hapo hakutaka maneno mengi. Mkewe hataingia tena mle, alisema. "Chukua chumba chako. Kesho nitawaandikia kazini kwenu wabadilishe jina la mwenye ofisi. Mimi nataka mtoto wangu azaliwe salama, basi."

Nilimpigia mama simu nikiwa nimejifunika shuka kichwani kwenye kochi. Nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, na mimi, kwa mazoea, nikauhesabu ukimya wake.

"Kaka yako aliponunuliwa baiskeli," alisema hatimaye, "wewe ulikuwa kitandani, una homa. Nilikuwa nakukanda kwa maji kwa mikono yangu hii. Majirani wakaja kuniambia: mbona binti yako anazunguka na baiskeli huko barabarani, na ni mgonjwa?"

"Hukuniambia kamwe, mama."

"Ningekuambia nini? Wivu wako una miguu, mwanangu. Bibi yako alikuwa hivyohivyo. Ukipewa unachokitamani, wivu unatulia. Usipopewa, wivu wenyewe unakwenda kujichukulia."

"Basi yameisha. Nimepewa chumba."

Akavuta pumzi.

"Ni chumba tu unachokitamani?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, niliingia ofisini kabla hakujapambazuka vizuri. Niliweka balbu nyingine, ambayo kaka aliitoa kwenye taa ya sebuleni. Nilikaa kwenye kiti. Sikuhitaji kukiinua. Mgongo wangu ulitulia kama nilivyojua ungetulia, na kwa dakika chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Kisha nikasikia kicheko. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kule jikoni kaka alikuwa amepiga magoti kabla ya kwenda kazini, sikio lake liko kwenye tumbo la mkewe. "Ananipiga teke huyu! Tayari ananichapa mimi baba yake!" Na wifi akacheka, mkono wake kwenye nywele za kaka.

Wivu ukanishika palepale. Chini ya mbavu, upande wa kushoto.

Niliinuka kwenye kiti. Nilifunga mlango kwa ndani, nikauchomoa ufunguo, nikausukuma chini ya mlango kwa rula mpaka ukateleza mbali kwenye korido, nisiweze kuufikia hata nikitaka. Nikakaa sakafuni, nimekumbatia magoti. Nilimsikia kaka akiaga. Nilisikia geti. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu.

Kisha nikamsikia wifi, jikoni.

"Yalaa, umenishtua! Mbona hujaanza kazi?" Akacheka kidogo. "Haya, njoo basi, wifi. Leo amechangamka. Weka mkono hapa..."

Kimya.

"Mh. Mbona mkono wako baridi hivi?"

Nikaanza kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili.