Mama Anaita, Mwanawe Yuko Laivu!

Nina miaka thelathini na tisa, nalima ndizi na kahawa hapa Ihembe, Karagwe. Wapo ndugu zangu wanaosema nina roho mbaya. Wasomaji wenzangu, sikieni kwanza yaliyonikuta, kisha mnihukumu!

Mama yetu aliugua mpaka madaktari wakatuambia tumrudishe nyumbani, tukae naye. Kila asubuhi aliuliza jambo moja tu: "Novati amefika?"

Novati ni mdogo wangu, kitinda mimba, anaishi Mwanza. Mtandaoni ana jina kubwa. Nyumbani alikuwa hajakanyaga kwa miaka! Hata hivyo Mama alimtunzia senene wa kukaanga, wale panzi watamu wa kwetu, maana tangu utotoni alikuwa akiwagombania.

Siku aliyofika, niliiona simu kabla sijamwona yeye. Aliingia ameinyoosha mbele. "Shikamoo Mama!" Mama akaitikia huku machozi yanamtoka, akanyoosha mikono amkumbatie... Novati akarudi mlangoni. Eti mwanga haukuwa mzuri, waanze upya! Na Mama, kwa upendo wake, akaitikia tena.

Senene alitia mmoja mdomoni, akasifia mbele ya kamera, bakuli akaliweka chini.

Mchana uleule Mama alibadilika. Nilikuwa nimempakata kichwa, pumzi zake zikawa fupi. Akaita, "Novati... njoo nikuambie."

Novati alikuwa karibu na dirisha, ametupa mgongo, anasoma salamu za wafuasi wake. "Subiri kidogo Mama, niko laivu!"

Mama hakusubiri...

Nilipopiga yowe ndipo alipogeuka. Baadaye akaniuliza, "Dada, alitaka kuniambia nini?" Ningejuaje? Aliyekuwa akiitwa ni yeye!

Mnadhani aliizima simu? Siku ya mazishi alilisogelea jeneza nayo, arushe uso wa Mama mtandaoni. Nikasimama mbele yake. Baba mdogo akaniambia nimwache, ndugu walio mbali wanataka kuona.

"Nisamehe baba, lakini hapana!" nilisema, kila mtu akasikia. "Mama alipokuwa hai mbele yake hakumtazama. Maiti yake hataichezea!"

Novati alinisukuma. Sikuondoka! Akina mama wa jumuiya wakaja mmoja mmoja, wakasimama ubavuni kwangu, mpaka hakuna pa kupenyeza simu. Tukamzika Mama kwa heshima yake.

Mpaka leo Novati hanisemeshi. Amenisema vibaya mtandaoni, watu nisiowajua wamenitukana. Na watukane! Mimi nilimshika Mama mkono mpaka ukapoa. Nani atanipokonya hilo?

Na wewe unayesoma haya... nani yuko karibu nawe sasa hivi? Mzazi? Mtoto? Mwenzako anayekusimulia habari za shamba huku unasema "mm, mm" bila kuinua macho? Hao wanaokufuata mtandaoni kesho watamfuata mwingine, wala hawatakuaga. Nawasihi, msipite njia ya mdogo wangu.

Ukiitwa, itika. Itika sasa!